Nani Kasema Contra Yetu Ilikuwa Feki?

Nina dukuduku, na kwa kuwa mhariri kanipa nafasi nitalitoa lote. Mwezi uliopita nilikuwa Kasulu mjini, kwenye banda la gemu la jamaa mmoja mwenye PS4. Akaweka ule mkusanyiko wa Contra uliotolewa na Konami mwaka 2019, ambamo matoleo ya zamani yamo pamoja: la mashine za sarafu, la Famicom ya Wajapani, la NES ya Wamarekani na mengine. Vijana wakagombania lile la sarafu. Mmoja, katoka Dar juzijuzi tu, akasema, "Hii ndiyo orijino bwana. Ile mliyochezea nyie kule Kibondo ilikuwa feki." Banda zima likacheka. Mimi sikucheka.

Jamani, tubishane kwa hoja. Ni kweli Contra ilizaliwa kwenye mashine za sarafu mwaka 1987, na mashine zile zilikuwa na nguvu kuliko Famicom. Lakini hebu kaa uicheze. Kioo chake kimesimama wima kama mlango, kwa hiyo adui anakuja toka pembeni hujamwona, ukija kushtuka umeshakufa. Mle ngomeni unakimbizwa na saa. Halafu theluji, mtambo na pango la lile dude la mwisho vyote vimebanwa vikawa hatua moja, unavipita kama abiria wa basi la usiku anavyopita vijiji vya watu. Mashine ile ilitungwa imle mtu sarafu, basi.

Walipoihamishia Famicom mwaka 1988, Konami hawakuweza kuibeba ilivyo, maana mashine ilikuwa ndogo. Wakaitunga upya! Saa wakaitupa, njia wakazirefusha, ile hatua ya mwisho wakaipasua zikawa nne, jumla nane. Toleo la Japani likatiwa chipu ya ziada, hata majani ya msituni yanapepea na theluji inaanguka. La Marekani halikupata raha hizo, na kaseti yetu ya njano ilifanana na hilo: theluji imelala chini tu. Sisi tuliamini ni chumvi ya Uvinza.

Kaseti ilikuwa ya kunakili, sikatai. Lakini gemu iliyokuwa ndani yake inaizidi ile ya sarafu, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Hata ile siri ya juu-juu-chini-chini ya kupata laifu 30, tuliyokuwa tukiuziana kwa karanga, ilizaliwa katika kuhamisha gemu. Kazuhisa Hashimoto aliitia mwaka 1986 wakati Gradius inatoka kwenye sarafu kwenda Famicom, kwa sababu ilikuwa ngumu mno kwake kuijaribu.

Na hadithi je? Japani walisema vita ni vya mwaka 2633, kwenye visiwa vya Galuga. Kitabu cha Marekani kikasema ni zama hizi hizi, msitu wa Amazon. Sisi kitabu hatukuwa nacho. Msitu tukauita Moyowosi, na kila jioni tukabuni sababu mpya ya wale watu wawili kupigana. Mimi utunzi nimeuanzia pale, bila kalamu.

Mtasema, kwa nini nawachosha waandishi wenzangu na gemu? Mwaka juzi nilipeleka muswada kwa mchapishaji mmoja, simtaji. Hadithi ya binti wa Kibondo anayeuza mihogo njia ya kambi ya Nduta. Nikajibiwa: nzuri, lakini ihamishie Dar es Salaam. Nami kwa uroho wa kuchapishwa nikaihamisha. Wiki tatu nzima. Nikamweka binti Kariakoo na mihogo yake, akawa haongei tena, kila nikimpa neno linatoka kama tangazo la redio.

Mwaka 1990 Contra ilipoingia Ulaya, kwa kuogopa masharti ya Ujerumani juu ya gemu za vita, wale askari wawili walitolewa wakawekwa roboti, na jina likawa Probotector. Njia zilezile, risasi zilezile, watu hawamo. Sasa hiyo ndiyo feki ninayoijua mimi, na ndiyo niliyokuwa naiandika.

Najua mbishi atasema hata Famicom walibadilisha. Sana tu! Mwalimu Nyerere naye mwaka 1969 alimchukua mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare akatutolea Mabepari wa Venisi, wengi kwa mkupuo. Nani amethubutu kuiita feki? Alijua anawaandikia akina nani, na wale wa Famicom walijua mtoto amekaa sakafuni kwao, hana sarafu mfukoni. Mchapishaji wangu alijua nini kuhusu binti yule?

Nimemrudisha Kibondo. Na yule kijana wa Dar nilimpa padi, nikamwekea toleo lake la sarafu. Alifia darajani.