Saa ya mama mkwe

Mwezi huu tuongee kuhusu zawadi. Siyo maua wala pafyumu. Nazungumzia saa janja, zile za mkononi zinazohesabu hatua, mapigo ya moyo na, eti, presha.

Nina marafiki, mume na mke, wanaishi Tunduma. Mume ni wakala wa forodha pale mpakani, mke ni mhasibu. Mama mzaa mume yuko Itaka kwenye kahawa yake, na presha anayo miaka mingi. Mke akaona amnunulie mkwewe saa, ajiangalie mwenyewe. Mama akafurahi kweli! Asubuhi anatazama: 118/78. Jioni: 120/79. Basi akajiona amepona, akaacha vidonge. Hakumwambia mtu.

Siku kichwa kilipomzidi akaenda zahanati. Mashine ya mkanda ikasoma 184/106. Huku Tunduma moto ukawaka. Mume: "Saa yako ingeniulia mama!" Mke: "Wewe mwanaye, mara ya mwisho umeenda Itaka lini?" Wiki mbili wakawa hawaongei.

Kabla hatujagawa lawama, tuielewe saa yenyewe. Saa nyingi hazipimi presha, zinakisia. Taa ndogo chini yake inamulika ngozi na kusoma damu inavyopita kwa kila pigo, halafu programu inakokotoa namba. Zilizo makini zinakutaka kwanza upime kwa mashine ya mkanda, uingize namba zako, na urudie kila baada ya wiki nne hivi. Za bei poa zinakuuliza umri tu, kisha zinakupa namba za kukufurahisha. Saa ikilegea au mkono ukitikisika, hata hicho kisio kinaharibika. Mwaka 2023 wataalamu wa presha wa Ulaya walishauri kwamba vifaa visivyo na mkanda wa upepo visitumike kugundua presha wala kuongozea matibabu yake.

Wazo la kujipima katika maisha ya kila siku, lakini, ni zuri. Presha hupanda mkigombana, hushuka ukilala. Kuna anayepanda akiona tu koti jeupe la daktari, na kuna ambaye hospitali yuko sawa lakini nyumbani iko juu. Ndiyo maana kuna kifaa maalumu ambacho daktari humvisha mgonjwa: mkanda mkononi, kiboksi kiunoni, kinapima chenyewe kila dakika 20 au 30 kwa saa 24.

Kwa nyumbani, mashine ya mkanda wa mkono wa juu inatosha, ili mradi mkanda ulingane na unene wa mkono. Usinywe kahawa nusu saa kabla (watu wa Mbozi mnisamehe!). Nenda haja ndogo. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni kwa siku saba. Tupa namba za siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani. Ukifika 135/85 au zaidi, muone daktari.

Na hili ndilo lililomponza mama: hata kama ile 118/78 ingekuwa ya kweli, isingemaanisha amepona. Ingemaanisha dawa inafanya kazi. Mtu wa presha haachi dawa kwa kuwa namba ni nzuri, anaongea kwanza na daktari.

Wale wawili wamepatana. Mashine ya mkanda imepelekwa Itaka, na mume ndiye anayepiga simu kila jioni kuuliza kama mama amemeza dawa. Saa mama bado anaivaa, inamwonyesha muda wa kwenda shambani. Mke aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Nilinunua saa ili tusipige simu."

Wewe je, zawadi uliyowanunulia wazazi mwaka huu ni ya kuwasaidia wao, au ya kukupumzisha wewe? Kaeni na mwenzako mlijibu hilo. Tukutane mwezi ujao.