Mchezaji Anayesema Si Adui wa Timu Yake

Katika mpira wa magongo wa barafuni, mchezo ambao wachezaji huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma wakigombea kisahani kigumu cha mpira, na ambao Afrika Mashariki unajulikana zaidi kupitia Ice Lions, timu iliyoanza katika kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli moja jijini Nairobi, ipo imani iliyoota mizizi miongoni mwa makocha, mashabiki na waandishi wa habari wa Kanada na Marekani kwamba mchezaji aliye bora ni yule anayefunga mdomo. Kwa mujibu wa imani hiyo, anayetoa maoni yake waziwazi, anayeshangilia kwa mbwembwe au anayelalamikia jambo lililotendeka ndani ya klabu huvuruga umoja wa timu na kujitafutia sifa, na kwa hiyo vyombo vya habari vikimwandama asimlaumu mtu, kwa kuwa ulimi wake ndio uliomponza. Imani hii ni ya uongo. Aidha, imeumiza watu, na waandishi wa michezo wanaoieneza wanabeba sehemu ya dhamana ya maumivu hayo.

Jambo la kwanza linaloiumbua ni mwenendo wa waandishi wenyewe. Baada ya kila mechi ya NHL, yaani Ligi ya Taifa ya Mpira wa Magongo, ambayo ina klabu 32 za nchi hizo mbili, waandishi huingia katika chumba cha kubadilishia nguo na kumzunguka mchezaji ambaye bado anatokwa jasho, huku amekaa kwenye benchi na pedi za mabegani ziko miguuni pake, wakamsogezea vinasa sauti hadi karibu na kidevu. Majibu wanayopewa yanajulikana hata kabla ya swali kuulizwa: vijana wamepambana, kipa amewaokoa, wanaitazama mechi moja kwa wakati mmoja. Waandishi hao hao hulalamika kwenye safu zao kwamba wachezaji wa mchezo huu hawana la kusema, ilhali siku anapojitokeza mmoja mwenye la kusema, kinachojadiliwa wiki nzima ni tabia yake, na lile alilolisema halipimwi hata kidogo. Kijana wa miaka 19 aliyeingia ligi mwaka huu huliona hilo na kujifunza haraka kwamba jibu lisilo na maana ndilo jibu salama.

Wanaoitetea imani hii husema kwamba ukimya ni mila ya mchezo, iliyorithiwa kutoka kwa wakulima na wachimba madini wa Kanada waliolelewa katika unyenyekevu. Unyenyekevu huo ulikuwapo, wala haufai kubezwa, lakini historia inaonyesha kwamba wenye klabu nao walikuwa na sababu yao ya kuupenda ukimya, na sababu hiyo ilikuwa fedha. Mwaka 1957, wakati ligi ilipokuwa na klabu sita tu, Ted Lindsay wa Detroit Red Wings, mshambuliaji aliyekwisha kutwaa Kombe la Stanley, yaani kombe la mabingwa wa ligi hiyo, mara nne, aliwaongoza wenzake kuunda chama cha wachezaji, kwa kuwa hawakuwa wakipewa maelezo ya kueleweka kuhusu mfuko wao wa pensheni. Meneja wa Detroit, Jack Adams, hakuijibu hoja ya pensheni. Alisambaza uvumi dhidi ya Lindsay magazetini, na inaelezwa kwamba alifikia hatua ya kuwaonyesha waandishi mkataba wa kughushi wenye mshahara mkubwa kuliko ule ambao Lindsay alilipwa, ili aonekane mtu mwenye tamaa asiyeshukuru. Msimu huo Lindsay alikuwa ameongoza ligi nzima kwa pasi za mabao, na bado mwezi Julai alipelekwa Chicago, klabu iliyokuwa ikiburura mkia. Katika kisa hicho umo mtambo wote wa kumnyamazisha mchezaji: hoja inaachwa, tabia inashambuliwa, na mwandishi wa habari anatumiwa kama tarishi wa mwenye klabu.

Mtambo huo haukufa pamoja na enzi ya klabu sita, na ushahidi ulio wazi zaidi ni habari za P.K. Subban, mlinzi mweusi aliyezaliwa Toronto kwa wazazi wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani. Mwaka 2010, Subban alipokuwa katika msimu wake wa kwanza kamili na Montreal Canadiens, nahodha wa Philadelphia alidai hadharani kwamba kijana huyo hajajipatia heshima katika ligi na kwamba anajiona bora kuliko wengine. Tangu hapo neno heshima likawa kiunzi ambacho kila mchambuzi alimtaka Subban akiruke. Mwaka 2013 alitwaa tuzo ya Norris, ambayo hutolewa kwa mlinzi bora wa mwaka, lakini mwaka huo huo mjadala ulihusu salamu yake na kipa Carey Price. Wawili hao walikuwa na mazoea, kila baada ya ushindi, ya kusogeleana mbele ya lango na kugonganisha glavu zao chini mara tatu, tendo la sekunde chache lililowafurahisha watoto jukwaani, na kocha Michel Therrien akalipiga marufuku kwa maelezo kwamba timu ni kubwa kuliko mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kueleza ni pointi ngapi ambazo salamu ile iliigharimu timu.

Mwezi Septemba 2015 Subban aliahidi kuchangisha dola milioni 10 kwa ajili ya Hospitali ya Watoto ya Montreal katika muda wa miaka saba. Mwezi Juni 2016, siku mbili kabla ya kuanza kutumika kifungu cha mkataba kilichomlinda dhidi ya uhamisho asioutaka, klabu ilimpeleka Nashville Predators na kumchukua Shea Weber, mlinzi mzuri na mtu mkimya. Uongozi uliueleza uamuzi huo kuwa wa kimchezo, ila kwa miaka kadhaa wachambuzi walikuwa wamekwisha kuizoeza hadhira kusikia kwamba mtu huyu ni mzigo katika chumba cha kubadilishia nguo, madai ambayo ni rahisi kuandikwa kwa sababu hakuna msomaji awezaye kuingia chumbani humo kuyahakiki. Mwaka uliofuata Nashville walifika fainali ya Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika historia yao, na Subban alikuwa miongoni mwa walinzi wao wakuu. Kama sauti ya mtu mmoja ingekuwa sumu ya timu kama ilivyodaiwa, safari ile isingewezekana.

Hata ahadi kwamba mkimya ataachwa kwa amani haina msingi. Phil Kessel alikuwa mshambuliaji mwenye haya, asiyependa kamera, na Julai 2015 Toronto ilipomhamishia Pittsburgh, mwandishi wa safu katika gazeti la Toronto Sun alimuaga kwa madai kwamba kila alasiri alikuwa akinunua mkate wa soseji kwa mchuuzi wa mtaani, madai ambayo wasomaji waliyatilia shaka mara moja kwa kuangalia tu mahali palipotajwa na mahali mchezaji huyo alipokuwa akiishi. Kessel alitwaa Kombe la Stanley mwaka 2016 na tena mwaka 2017. Kwa hiyo anayenyamaza huandikiwa habari na wengine, na hana hata sauti iliyozoeleka ya kujitetea.

Haitoshi kujibu kwamba wapo wachezaji waliosema maneno machafu, kwa kuwa hilo halibishaniwi. Sean Avery, akiwa na Dallas Stars mwezi Desemba 2008, aliwaita waandishi mjini Calgary na kutamka maneno ya kuwadhalilisha wanawake aliowahi kuwa na uhusiano nao, na ligi ikamfungia mechi sita. Adhabu ile ilikuwa halali, kwa sababu kilichoadhibiwa ni maneno yenyewe. Mchezaji anayesema anapaswa kuulizwa maswali magumu, kupingwa kwa hoja na, akivunja heshima ya mtu, kuwajibishwa. Tatizo linaanza pale mizani inapopima ukubwa wa sauti badala ya uzito wa maneno, na tena inapowapima wachezaji peke yao. Don Cherry, kocha wa zamani aliyekuwa mchambuzi wa televisheni ya Kanada kila Jumamosi usiku kwa zaidi ya miaka 30, alimkemea Alexander Ovechkin mwaka 2009 kwa kushangilia mabao yake, na akawakemea Carolina Hurricanes mwaka 2019 kwa kusherehekea ushindi pamoja na mashabiki wao. Mtu huyo huyo alikuwa na mdomo mpana kuliko mchezaji yeyote wa zama zake, na aliachishwa kazi tarehe 11 Novemba 2019 kwa kuwasimanga wahamiaji.

Wiki mbili tu baada ya hapo ilikuja habari iliyoonyesha gharama halisi ya ukimya. Akim Aliu, aliyezaliwa Nigeria kwa baba Mnigeria na mama Mukreni, aliandika katika mtandao wa Twitter kwamba miaka kumi nyuma, akichezea timu ya chini ya Chicago, kocha Bill Peters alimtolea matusi ya rangi kwa sababu ya muziki aliokuwa akiupiga chumbani, na kwamba alipopinga alishushwa hadi ligi ya chini zaidi. Peters, ambaye wakati huo alikuwa akiifundisha Calgary Flames, alikiri kutumia lugha ya kuudhi na kujiuzulu siku chache baadaye. Lakini Aliu alikuwa amebandikwa jina la mkorofi tangu mwaka 2005, alipokuwa na miaka 16 katika timu ya vijana ya Windsor na kukataa kushiriki unyago wa wageni, yaani desturi ya kuwadhalilisha wachezaji wapya, ambapo vijana walivuliwa nguo na kusongamanishwa ndani ya choo cha basi. Mwenzake mmoja mkubwa alimpiga kwa gongo mazoezini na kumvunja meno. Mpigaji alicheza zaidi ya mechi 400 za NHL. Aliyekataa kudhalilishwa alicheza 7. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa na kipaji peke yake, na kwa miaka 14 ni wachache mno miongoni mwa wanaoripoti mchezo huu waliouliza jina la mkorofi lilitoka wapi.

Kisa cha Kyle Beach ni kizito zaidi. Mwezi Mei 2010, akiwa na miaka 20 na mgeni katika kikosi cha Chicago Blackhawks, alitoa taarifa kwamba kocha wa video, yaani mtumishi anayewachambulia wachezaji picha za mechi, amemdhalilisha kingono. Viongozi wa klabu walikutana tarehe 23 Mei, wakaliacha jambo hilo lilale hadi fainali zipite ili timu isivurugwe, na tarehe 9 Juni wakanyanyua Kombe la Stanley. Mtuhumiwa aliondoka bila kushtakiwa na baadaye alitiwa hatiani katika jimbo la Michigan kwa kumdhalilisha mwanafunzi wa sekondari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa aliyeumia ni mtoto ambaye hakuwa na uhusiano wowote na kombe lile. Ukweli ulijitokeza mwaka 2021 kwa sababu Beach alikwenda mahakamani na kwa sababu mwandishi Rick Westhead wa kituo cha TSN aliishikilia habari hiyo wakati wengi walikuwa wakiendelea na matokeo ya mechi. Tarehe 26 Oktoba ripoti ya wachunguzi ilitolewa, ligi ikaitoza klabu faini ya dola milioni 2, na kesho yake Beach akajitaja kwa jina mbele ya kamera. Hoja iliyotumiwa kumnyamazisha, kwamba umoja wa timu usivurugwe, ni ile ile iliyotumiwa kupiga marufuku salamu ya glavu, na hilo linapaswa kumtia hofu kila mtu anayeitamka kwa wepesi.

Wapo watakaodhani kwamba hoja hii inatetea wachezaji wa mrengo mmoja tu. Sivyo. Kipa Tim Thomas wa Boston alipokataa kwenda Ikulu ya Marekani mwezi Januari 2012 kwa kuwa hakuafiki ukubwa wa serikali, alikuwa na haki hiyo. Na Ivan Provorov wa Philadelphia alipokataa mwezi Januari 2023 kuvaa jezi ya mazoezi yenye rangi za kuunga mkono watu wa mapenzi ya jinsia moja, kwa sababu ya imani yake ya Kiorthodoksi, naye alikuwa na haki ya kukataa, sawa na walivyokuwa na haki ya kusikitika wale walioumizwa na uamuzi wake. Ligi haikuwa na subira ya mjadala huo. Ilifuta jezi zote maalumu za mazoezi mwezi Juni, kisha ikapiga marufuku hata utepe wenye rangi hizo kwenye magongo, mpaka tarehe 21 Oktoba 2023 Travis Dermott wa Arizona, mlinzi asiye na jina kubwa wala mkataba wa kutisha, alipoingia uwanjani na utepe wake, na siku tatu baadaye marufuku ikaondolewa. Mchezaji mmoja wa kawaida alitosha kuibadilisha kanuni ambayo nyota wote walikuwa wameinamia.

Wahariri wa michezo ndio wenye uwezo wa kuuvunja mtambo huu, na kazi yenyewe haihitaji ujasiri usio wa kawaida. Mchezaji anapotoa madai, waandishi watumwe kuyachunguza madai kabla ya kuandikwa neno lolote kuhusu hulka yake. Meneja anaponong'ona kwamba fulani ni mzigo chumbani, atakiwe kulisema hilo kwa jina lake au lisichapishwe kabisa. Na mchambuzi anayedai heshima kutoka kwa kijana aeleze ni kosa gani kijana huyo amelitenda. Msomaji naye, anapokutana na habari inayomlaani mchezaji kwa kusema bila kueleza alichokisema, ana haki ya kuidai sehemu iliyofichwa.