Bei ya Kweli Katika Hati ya Nyumba

Ndugu Waislamu wa Bugwema, anayejaaliwa kununua nyumba, aghlabu mjini Musoma, hushauriwa kuandika bei pungufu ili kodi iwe ndogo. Sisi tunaona ushauri huo ni batili.

Kisheria, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani. Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji; kwa mkaazi mwenye kumbukumbu za gharama zake ni asilimia 10 ya faida. Basi nyumba ya shilingi milioni 20 ikiandikwa milioni 12, mnunuzi huokoa 80,000 tu, ilhali muuzaji huenda akaokoa 800,000. Ukizuka mgogoro, hati itasema milioni 12. Milioni 8 zako hazina shahidi. Nawe uliyetia saini umeshuhudia uongo.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamuru kuandika deni kwa uadilifu na kuweka mashahidi tunapouziana. Anayeona kodi ni nzito na aseme wazi mbele ya watunga sheria, asiidhulumu nafsi yake kwa kalamu. Tukubaliane mapema nani analipa nini, tuandike bei ya kweli, tudai risiti.