Wahadhiri wa uhandisi wafunzwe kutafiti ufundishaji wao

KATIKA afisi na kumbi za mtaa wa Milimani, Kisumu, mjadala kuhusu kufufua uchumi wa Ziwa Victoria haukosi kugusia bandari, reli na uundaji wa meli kama MV Uhuru II. Ni nadra kusikia swali la jinsi wahandisi wa kazi hizo wanavyofunzwa.

Mhandisi haruhusu daraja litumike kabla ya kulikagua. Hata hivyo, mhandisi yuyo huyo akiwa mhadhiri anaweza kufunza somo moja kwa miaka 20 bila kupima iwapo mbinu yake inafaa. Si kosa lake. Shahada ya uzamifu, ambayo Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliisisitiza katika vigezo vyake vya 2014, humwandaa kutafiti saruji na umeme, si namna mwanafunzi anavyoelewa.

Mwaka wa 2018 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi wahitimu wa uhandisi walionyimwa usajili. Kesi hiyo ilihusu mamlaka ya kuidhinisha kozi. Wanafunzi wamejifunza nini hasa ni swali lisiloweza kuamuliwa na majaji, linahitaji utafiti.

Utafiti huo hauwezi kufanywa na mtu mmoja. Mhandisi anajua kwa nini mwanafunzi anayekokotoa mlingano wa umeme hushindwa kutambua hitilafu ya pampu. Mtaalamu wa elimu anajua kuunda mahojiano na mitihani ya kupima tatizo hilo. Aidha, darasa la chuo kimoja ni dogo mno kuthibitisha lolote.

Ushirikiano wa aina hii si mgeni nchini. Mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, uliwakutanisha walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari kupanga masomo, kuyatekeleza, kuyatazama na kuyaboresha. Nchini Marekani, warsha za 2004 hadi 2006 katika chuo cha Colorado School of Mines ziliwafunza wahadhiri wa uhandisi kuunda maswali ya utafiti wa elimu, wakisaidiwa na wataalamu wa fani hiyo.

Eneo la ziwa lina viungo vyote. Taasisi ya Kitaifa ya Kisumu inafunza mafundi, Masinde Muliro inafunza wahandisi, na Maseno ina kitivo cha elimu chenye sifa. Kinachokosekana ni meza moja ya kuwakutanisha.

Wapo watakaosema wahadhiri tayari wamelemewa, na mgomo wa siku 49 wa 2025 ni ushahidi tosha. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana vyuo havina budi kuwapunguzia vipindi wanaoshiriki na kuzihesabu tafiti za ufundishaji wanapopandishwa vyeo. Bila hayo, warsha zitaishia kwenye vyeti na chai.

Muda ni mfupi. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walijiunga na Gredi ya 10 Januari 2026, na wanatarajiwa vyuoni 2029. Wamezoea kujifunza kwa kutenda. Wakipokelewa na mhadhara wa kunakili ubaoni, gharama yote iliyotumika kuwaandaa itakuwa kazi bure.