Maji Yaliyovuja Si Farumi



Wasomaji wetu watukufu, tumeletewa suali na dada yetu mzaliwa wa Sirisia, huko Bungoma, aliyeolewa huku pwani. Kwao ni nchi ya vilima na mashamba ya mahindi, bahari iko mbali. Asilolijua analiuliza, na kuuliza si ujinga. Ameona mashua ya mumewe ikipangwa mawe chini, na kila jioni maji yakikumbwa kwa ndoo. Huambiwa maji hayo hayana neno, kwani nayo ni uzito kama mawe. Je, ni kweli? Tunamjibu: si kweli, na kuamini hivyo ni hatari.

Farumi ni uzito utiwao chini ya chombo ili kisipinduke tanga linapojaa upepo. Mawe au magunia ya mchanga hupangwa karibu na mkuku, na fadhila yake ni kwamba hukaa pale pale yalipowekwa. Chombo kikilala upande, uzito huo hukiinua. Maji yaliyovuja hayana adabu hiyo. Chombo kikiinama kushoto, nayo hukimbilia kushoto, yakazidi kukilaza. Ndoo 20 za lita 10 ni kilo 200, kama watu wazima watatu kukimbilia upande mmoja kwa pamoja.

Ng'ambo ziko mashua ndogo ambazo farumi yake ni maji hasa. Lakini maji hayo hufungiwa ndani ya tangi, nalo hujazwa pomoni, kwani tangi la nusu huyumbisha chombo. Vali au mfuniko ukivuja, hutengenezwa kabla ya safari. Ikiwa maji yaliyofungiwa huchungwa hivyo, seuze yaliyo huru?

Matengenezo yake ni haya. Kwanza farumi yote itolewe, kwani mawe huuficha ufa na kuzisugua mbao. Mashua ivutwe ufuoni maji yakipwa, ikaushwe, kisha imiminiwe maji ndani na watu wachungulie nje: panapotona ndipo penye ila. Mara nyingi ni kwenye maungo ya mbao karibu na mkuku, au penye msumari ulioliwa na kutu. Kalafati kuukuu hutolewa, na pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa kwa chembeu na nyundo ya mti. Mbao zikiwa zimekauka sana, fundi hupunguza nguvu, kwani zikirudi majini huvimba, na pamba iliyobana mno huweza kuzitengua. Mwisho hupakwa deheni nje, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Ubao uliooza haukalafatiwi. Hung'olewa ukatiwa mwingine. Kazi hii mafundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, wameirithi baba kwa mwana.

Jambo moja lisichanganywe. Chombo kilichokaa juani siku nyingi huvuja kinaporudi majini, kisha mbao hunywa maji na kufumba. Hapa dada zetu mna nafasi yenu, hata kama hamjashika usukani. Ulizeni kila jioni: "Leo mmekumba ndoo ngapi?" Hesabu ikishuka siku hadi siku, mbao zinafumba. Ikisimama pale pale au ikipanda, kuna ufa, na chombo kisitoke.

Twajua kusimamisha mashua siku mbili tatu ni kukosa riziki, na nyumbani watoto wanataka kula. Lakini mashua hiyo hiyo ndiyo inayowavusha watoto hao. Basi jamaa na majirani tusimwachie mwenye chombo peke yake. Siku za matengenezo tusaidiane chakula na gharama za fundi, ili asilazimike kuchagua baina ya njaa na hatari.

Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir, Mtume (s.a.w.) amewapigia mfano watu waliomo jahazini: wa chini wakitaka kutoboa sehemu yao wapate maji, wa juu wakiwaacha, wote huangamia; wakiwazuia, wote huokoka. Kwa hivyo mke anayemwambia mumewe kwa upole, "Bwana, leo usitoke," hamvunjii heshima. Anamhifadhi yeye na wote atakaowapakia.

Wabillahi tawfiq.