Haki ya Kalamu Moja Haidumu



Tunaambiwa mara nyingi kwamba mkubwa wa kampuni akiingia katika siasa au akienda kuongoza chuo, basi amekwisha kuwa mtu wa watu wote. Sisi tunasema: tazameni kwanza kalamu yake imetia sahihi nini.

Chukueni mfano wa Bwana Mitch Daniels wa Marekani. Alikuwa mkubwa katika kampuni ya dawa ya Eli Lilly. Januari 2005 akawa gavana wa jimbo la Indiana. Mara tu alipoingia ofisini alifuta haki ya vyama kujadiliana na serikali kwa niaba ya watumishi wa jimbo. Haki hiyo ilitolewa mwaka 1989 kwa amri ya gavana Evan Bayh, si kwa sheria ya bunge. Iliyotolewa kwa kalamu moja ikafutwa kwa kalamu moja.

Februari 2012 akatia sahihi sheria inayokataza mkataba wa kazi kumtaka kila mfanyakazi achangie chama. Lakini chama bado kinatakiwa kumtetea hata asiyechangia. Sheria hiyo wanaiita "haki ya kufanya kazi". Jina tamu, dawa chungu!

Januari 2013 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo hilohilo. Wengi wa wajumbe wa bodi iliyomchagua aliwateua yeye mwenyewe akiwa gavana.

Tuseme ukweli. Pale chuoni alizuia karo isipande mpaka alipoondoka mwishoni mwa 2022. Mzazi mfanyakazi alipata nafuu, na sisi hatuibezi nafuu hiyo. Lakini nafuu ya kupewa si sawa na haki ya kukaa mezani. Aliyeitoa aweza kuiondoa, na wewe huna pa kuuliza.

Basi tushike mambo matatu. Meneja akiahidi nyongeza, buti au posho ya chakula, tushukuru, kisha tudai iandikwe katika mkataba wenye sahihi ya chama. Ada ya chama tulipe kwa hiari yetu, ili sheria ya kutugawa isipate pa kushika. Na kila penye bodi tuulize: nani kaiteua, na mfanyakazi yuko wapi ndani yake?

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Je, mtegemea cha mwajiri?

Umoja ni nguvu!