Wacheni Kununua Skrini za Inchi 150, na Mkome Kutuamini

Kabla mnitukane kwa komenti, nianze na kukiri. Ile video yangu ya mwaka jana, ile ya kugeuza keja iwe sinema, ilikuwa uongo. Na sio uongo wa mdomo peke yake. Picha yenyewe ilikuwa ya uongo. Wauzaji fulani wa mtandaoni walinitumia projekta ndogo na skrini ya kuvuta ya inchi 150, wakanilipa kitu kidogo, na kila mtu aliyenunua kupitia linki yangu nilikatiwa asilimia yangu. Nikafunga mapazia, nikangoja saa mbili usiku, nikafungua kamera imeze mwanga mpaka mwisho, na bado picha ilikuwa hafifu kama chai ya maziwa yaliyoongezwa maji. Basi nikaingia kwa kuediti, nikafuta ile picha ya ukutani, nikabandika filamu yenyewe juu yake. Zile rangi mliona zikiwaka hazikutoka kwa projekta. Zilitoka kwa laptopu yangu.

Na siko peke yangu. Karibu kila video ya aina hii mnayotumiana imepikwa namna moja ama nyingine.

Sasa mmoja wa walioniamini ni mjomba wangu. Amestaafu ualimu, amejenga Kitengela, na sebule yake ndiyo fahari yake: madirisha makubwa mawili, kuta za rangi ya krimu inayong'aa, dari ya jipsamu yenye taa ndogo ndogo zilizozamishwa. Alinipigia simu. "Kijana wangu, hii kitu umeonyesha inafanya kazi kweli?" Nikamjibu, "Anko, nunua bila wasiwasi, fundi anaifunga kwa dari dakika ishirini." Hayo ni maneno yangu, sikulishwa na mtu. Akanunua projekta kama yangu, lakini skrini akachukua ile ya mota, inayoshuka yenyewe ukibonyeza rimoti. Inchi 150, kwa sababu ukishaambiwa 150 ndiyo sinema, nani tena atataka 100?

Fundi alikuja na drili, roplagi za plastiki na skrubu. Akatoboa jipsamu, akasukuma roplagi, akafunga. Dakika ishirini kweli. Siku ya tisa, mota ikiwa inateremsha kitambaa, upande mmoja uling'oka na kipande cha dari, na upande wa pili ukafuata. Kasha la zaidi ya mita tatu likatua juu ya meza ya kahawa. Mjukuu wake, mtoto wa miaka minne, alikuwa ndio ametoka hapo kwa meza kuitisha juisi jikoni. Meza ilikuwa ya kioo.

Mjomba hakunigombeza. Alinitumia picha ya meza, bila neno hata moja.

Kwa hivyo leo siuzi kitu. Leo nataka tupigane na hii ibada ya inchi.

Tuanze na hesabu ambayo hakuna muuzaji hukufanyia. Inchi za skrini hupimwa kona hadi kona. Ukitoka 100 kwenda 150 kichwa kinakuambia umeongeza nusu. Zii. Skrini ya inchi 100 yenye umbo la kawaida la filamu na mpira ina upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25. Hiyo ni mita mraba 2.76. Ya inchi 150 ni mita 3.32 kwa 1.87, yaani mita mraba 6.2. Eneo limeongezeka mara mbili na robo, na projekta ni ile ile, taa ni ile ile. Ni kipande kile kile cha siagi, sasa unataka kipake mikate miwili na robo.

Kumbi za sinema za dijitali hulenga mwangaza wa kandela 48 kwa kila mita mraba. Ukitaka kufikia hapo nyumbani, na kitambaa cheupe cha kawaida na giza la kweli, skrini ya inchi 100 inahitaji lumeni 420 hivi. Ya 120 inahitaji 600. Ya 150 inataka kama 940. Na hizo ni lumeni zilizopimwa, zile zinazoandikwa ANSI ama ISO, sio zile za boksi. Boksi la projekta ya bei rahisi litakuandikia 9,000 bila aibu, kisha ukichimba maelezo ya chini unapata ANSI 200. Mimi nilichimba baadaye, baada ya kulipwa. Lumeni 200 juu ya inchi 150 ni kama moja ya tano ya kile sinema inataka. Ndiyo maana kamera yangu ilishindwa. Haikuwa kamera.

Kuna na ule mchezo wa "4K". Wanaandika projekta "inakubali 4K", na ni kweli, inaikubali vile mlinzi wa geti anakubali barua ya tajiri. Anaipokea, lakini yeye bado ni mlinzi. Ndani yake kuna picha ya 1280 kwa 720, vidoti 921,600. 4K ni vidoti 8,294,400, mara tisa. Tandaza vidoti vichache hivyo kwa mita mraba sita halafu ukae karibu, utavihesabu kama mchele kwa ungo.

Lakini hata mtu aliyenunua projekta ya maana anaweza kuharibu kila kitu kwa jambo moja ambalo watu hawataki kusikia. Projekta haiwezi kutoa rangi nyeusi. Haina taa nyeusi. Ile nyeusi unaona kwa filamu ni kitambaa chako tu, pale ambapo mwanga wa projekta haujapiga. Sasa kama ni saa tisa mchana na sebule yako inawaka jua, nyeusi yako ni kitambaa cheupe kwenye chumba chenye jua. Ndiyo hiyo. Hakuna seting'i ya kurekebisha.

Na sisi Wakenya tunanunua hizi vitu kwa ajili ya nini? Mpira. Mechi ya mapema ya Jumamosi Uingereza huanza saa sita na nusu mchana kwao. Kwetu ni saa nane na nusu ama tisa na nusu, kutegemea vile wamegeuza saa zao. Zile za saa tisa kwao, kwetu ni saa kumi na moja ama kumi na mbili jioni. Nairobi jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima. Piga hesabu mwenyewe ni mechi ngapi utaona kabla giza halijaingia. Mjomba kwa zile siku nane aliona mpira mmoja tu vizuri, na ulikuwa wa usiku.

Mama yangu hucheka hii maneno yote. Anasema walipokuwa watoto, gari la sinema likija uwanja wa shule, kitambaa kilitundikwa mapema na watoto wakakaa chini kungoja. Mashine haikuwashwa mpaka usiku uingie. Wale watu hawakuwa na linki ya kununua, lakini walijua giza ni sehemu ya mashine.

Kwa hivyo kama bado unataka, na mimi sisemi usitake, pesa yako ya kwanza isiende kwa skrini. Iende kwa pazia. Zile nyepesi za kupendezesha dirisha hazisaidii, tafuta kitambaa kizito cha kuzuia mwanga, fundi wa cherehani akishone kipite dirisha pande zote, kwa sababu mwanga huingilia pembeni. Ya pili iende kwa rangi ya ukuta. Nyumba zetu nyingi zimepakwa silki, hii inayong'aa ili ifutike kirahisi. Mwanga wa skrini unapiga ukuta unaong'aa, unarudi kwa skrini, unaosha picha. Ukuta wa nyuma ya skrini na zile za kando karibu nayo zipake rangi isiyong'aa, nyeusi kidogo kuliko krimu. Najua mama watoto atakataa. Jadilianeni.

Kisha chukua tepu ya karatasi, uchore skrini ukutani. Mita 2.21 kwa 1.25. Kaa kwa kiti chako siku mbili tatu ukiitazama. Kwa inchi 100, macho hupumzika ukikaa kati ya mita 3 na 4 hivi. Inchi 120 inataka uwe kama mita 3.6 hadi 5. Sasa wewe wa bedsita ya teni kwa teni, chumba chote ni mita 3 na sentimita tano, na kitanda kiko ndani. Inchi 150 utaitazama ukigeuza shingo kama mtu anayeangalia mechi ya tenisi.

Jambo la projekta nalo: usitoboe kitu kabla hujaiweka juu ya stuli na kuiwasha. Kila projekta ina umbali wake. Kama uwiano wake ni 1.3, unazidisha kwa upana wa skrini: inchi 100 itataka projekta irudi nyuma mita 2.9, na inchi 120 mita 3.5. Watu wananunua skrini kwanza, wanagundua ukuta wa nyuma umewahi kufika, halafu wanaweka projekta pembeni na kunyoosha picha kwa menyu. Ukinyoosha kwa menyu unatupa vidoti, na tayari ulikuwa navyo vichache.

Kuhusu aina za skrini sitakaa sana. Ya kuvuta ya bei ya chini hupata mawimbi pembeni ikishazeeka kidogo. Ya fremu, iliyonyooshwa kama ngoma, ndiyo hubaki tambarare, na ndiyo ningenunua leo kama nyumba ingekuwa yangu. Zile za kukataa mwanga wa dari ni nzuri kweli na ni ghali, lakini nyingi zimetengenezewa projekta zinazokaa chini kabisa ya skrini, zikirusha juu. Ukiziwekea projekta ya dari, skrini inakataa mwanga wa projekta yako pia. Nimeona mtu amefanya hivyo na akalaumu projekta.

Sasa kufunga, na hapa tafadhali msikilize hata kama mengine mmepuuza. Jipsamu ni ubao wa milimita 9 ama 12 uliotengenezwa na kitu laini kama chaki, umeshikwa na vyuma vyembamba. Haukuwekwa hapo kubeba kitu chenye mota na uzito wa kilo kumi na kitu. Roplagi ya plastiki ndani yake ni sawa na msumari kwa mkate. Kama dari yako ni ya jipsamu, fundi aifungue, apitishe mbao ama chuma kinachoshikwa na boriti za paa ama zege juu yake, kisha skrini ishike hapo. Ama aachane na dari kabisa, aifunge kwa ukuta wa mawe kwa bolti za kupanuka. Fundi akikuambia haina haja, mwambie ajining'inize hapo kwanza. Kama ni nyumba ya kupanga, kumbuka kila shimo keateka ataliandika siku ya kuhama, na dipoziti yako itajibu. Skrini ya miguu mitatu inakunjwa baada ya filamu na haimdai mtu chochote.

Najua mtakachosema. Tayari kuna jamaa alinijibu kwa inboksi: "Wewe ushapata yako, sasa unatuzuia. Maskini pia anataka sinema." Kaka, nakuelewa, na mimi nimezaliwa kwa hiyo laini. Lakini ni huyo maskini ndiye analiwa. Tajiri akinunua takataka anaiweka stoo. Wewe ulichanga thao ishirini kwa miezi sita, na ukipata picha ya kijivu huna pesa ya kujaribu tena. Kwa hiyo hiyo thao ishirini ungepata runinga ndogo iliyotumika, ikaonyesha mpira saa tisa mchana na madirisha yote wazi. Haitapendeza kwa video. Hakuna atakayekulipa kuiposti.

Na nyinyi wenzangu mnaotengeneza hizi video, tunajuana. Kama unauza projekta, irekodi saa tisa mchana, mapazia wazi, simu imefungwa mwangaza mmoja, kisha urekodi tena usiku mahali pale pale. Uonyeshe zote mbili. Uandike lumeni za ANSI kwa skrini, sio zile za boksi. Na usimwambie mtu dakika ishirini kama hujawahi kupanda ngazi mwenyewe. Anayeuza akikataa masharti hayo, basi amekwambia mwenyewe ni mali gani anauza.

Ile video nimeifuta. Kamisheni yote niliyopata ilikuwa shilingi 6,400, nikamtumia mjomba kwa simu ya meza. Baada ya saa moja akanirudishia 3,000 na ujumbe: njoo Jumamosi na drili, tufungue hii dari tuone boriti ziko wapi. Kitambaa cha inchi 150 kilichopasuka amekitandika juu ya kuku. Sasa anataka 100, ya fremu, kwa ukuta wa mawe. Pazia ashanunua.